Turbo Kubwa kwa Gari la Dragi: Hewa, Moshi na Mita 18 za Kwanza

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu wa fani, mafundi wenzangu, madereva, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkiwa bado na oili kwenye kucha: nawashukuru kwa kuniita. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua turbo kubwa, yaani ile pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa kwa presha, kwa gari lenye nguvu nyingi la dragi, mbio fupi za njia iliyonyooka, na kwa kuwa wenzetu kadhaa wamebaki kazini leo, nimekubali maneno haya yaandikwe yote kama nilivyoyasema, isipokuwa michoro itakayopita hapo ukutani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha mengi ya haya nitakayoyasema.

Tulikuwa na gari lenye injini ya lita 3, silinda sita za mstari mmoja, iliyofungwa pistoni na konrodi za chuma cha kufuliwa. Turbo yake ilikuwa na feni ya kompresa, upande wa turbo unaovuta na kushinikiza hewa, yenye mdomo wa milimita 76. Gari lilikuwa likimaliza mita 402 kwa sekunde 8.94 na kuvuka mstari kwa kilomita 249 kwa saa, nasi tukaona umefika wakati wa kupanda daraja. Tukang'oa ile turbo, tukafunga ya milimita 88. Tulipolipandisha gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, mstari wa grafu ulipanda kuliko tulivyowahi kuuona, na gereji nzima ikapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku ya mbio, dereva wetu alijipanga kwenye mstari wa kuanzia, akakanyaga mafuta, akasubiri presha. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa tayari. Sindano ya geji yetu ikawa inajivuta kama mtu anayeamshwa alfajiri kwa nguvu. Joto la injini linapanda, msimamizi anatazama, dereva anaona taa zinakaribia kuwaka, na presha bado haijafika hata nusu ya ile tuliyoipanga. Taa ya kijani ikawaka, gari likaondoka kinyonge, na likazinduka lilipofika katikati ya njia. Nilipopokea karatasi ya muda niliisoma mara mbili. Kasi ya mwisho ilikuwa kilomita 259 kwa saa, yaani kumi zaidi ya zamani. Muda ulikuwa sekunde 9.11.

Mmelisikia hilo? Kasi imeongezeka, muda umeharibika. Sasa niwaulize: wale farasi mia na ushei wa nguvu tuliowaongeza walikwenda wapi?

Jibu lilikuwa kwenye mstari wa juu kabisa wa karatasi ile ile, ambao wengi wetu huuruka kwa haraka ya kutazama chini. Muda wa mita 18 za kwanza, zile futi 60, ulikuwa umetoka sekunde 1.41 hadi 1.63. Wakimbizaji wana hesabu yao ya mkono kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inayopotea hapo mwanzoni huwa imekua hadi kama sehemu moja na nusu ya kumi gari linapofika mwisho, kwa sababu gari lililochelewa kuanza hubaki likisafiri polepole zaidi katika kila hatua inayofuata. Farasi wetu walikuwepo, lakini walifika kazini wakati kazi imekaribia kwisha.

Tangu siku ile, kila anayeniuliza achukue turbo ya milimita ngapi namrudishia swali lenye sehemu tatu: injini yako inataka hewa kiasi gani, kwa presha gani, na katika mizunguko ipi? Asiyeweza kujibu hayo matatu hajafika hatua ya kuchagua turbo.

Tuchukue la kwanza, hewa kiasi gani, na naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo kwa sababu ni hesabu inayotosha nyuma ya boksi la plagi. Injini ya mipigo minne humeza ujazo wake mzima mara moja kwa kila mizunguko miwili. Injini ya lita 3 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, na tukichukulia kwamba silinda zinajaa sawasawa, humeza lita 12,000, yaani mita za ujazo 12 kwa dakika. Hewa ya kawaida karibu na usawa wa bahari, katika nyuzi 20, ina uzito wa takriban kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo bila turbo injini hiyo inapata kama kilo 14 za hewa kwa dakika. Sasa ipe presha ya bari 2.5 juu ya ile ya anga. Hapo presha kamili ndani ya manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, ni bari 3.5, na kama intakula, kile kipoza hewa kati ya turbo na injini, imeishusha hewa hadi nyuzi 45, hewa hiyo imesongamana mara 3.2 hivi kuliko ya nje. Zidisha, utapata kilo 46 kwa dakika, karibu sawa na mfuko wa saruji unaopita kwenye mdomo wa kompresa kila dakika. Mbio zetu ni za sekunde tisa tu, kwa hiyo katika mbio moja injini hiyo inameza kama kilo 7 za hewa.

Kilo hizo 46 zina faida gani? Kwa petroli iliyopimwa vizuri, kila kilo moja ya hewa kwa dakika hubeba takriban farasi 22, na kwa wanaosoma michoro ya watengenezaji inayotumia paundi, ni farasi 10 kwa kila paundi. Basi injini ile ni ya farasi 1,000 hivi. Ukitaka farasi 1,300 kwa mizunguko ile ile, itakubidi kupandisha presha kamili hadi bari 4.5 na kupata kilo 60. Hapo ndipo unapokwenda kutafuta turbo, ukiwa na namba ya kilo mkononi. Mtu anayeanza na milimita amelianza jambo mkiani.

Na kabla hujaamua unataka farasi wangapi, jiulize unataka muda gani, kwa maana nguvu na muda havitembei hatua kwa hatua. Katika dragi, muda hufuata mzizi wa tatu wa uwiano wa uzito na nguvu. Ukitaka kupunguza sehemu moja ya kumi ya muda wako, mathalani kutoka sekunde 9.0 hadi 8.1, na uzito haujabadilika, unahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 37. Nawaambia hivyo vijana wengi, nao hunitazama kama ninayewabania. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema kwamba kilo unazozitoa kwenye gari zinakusaidia sawasawa na farasi unaowaongeza, na kilo zilizotolewa hazijawahi kuyeyusha pistoni.

Swali la pili ni presha gani, na hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda, kwa sababu ndipo penye jibu la siri nyingi. Kila kompresa ina ramani yake. Chini ya ramani kuna kiasi cha hewa, pembeni kuna uwiano wa presha, yaani presha kamili inayotoka ikigawanywa kwa presha kamili inayoingia. Katikati kuna duara moja ndani ya jingine kama visiwa, na kila kisiwa ni ufanisi. Upande wa kushoto kuna mpaka ambao ukiuvuka hewa iliyoshinikizwa inashindwa kwenda mbele na kurudi nyuma kupitia kwenye feni, ikirudi na kwenda, ikirudi na kwenda. Mafundi tunasema turbo inakohoa. Wapo wanaoupenda mlio huo. Mimi ninaposikia kikohozi gari likiwa limebanwa kwenye mstari na mafuta yamekanyagwa hadi chini, nasikia beringi ya msukumo ikipigwa nyundo. Turbo kubwa kwenye injini ndogo yenye mizunguko michache hukaa karibu sana na mpaka huo, kwa sababu presha inadaiwa wakati injini haiwezi kuimeza hewa.

Upande wa kulia ni kinyume chake. Kompresa ndogo ikilazimishwa kupitisha hewa inayozidi mdomo wake, inakabwa. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa haiongezeki, kinachoongezeka ni joto. Mtazame tofauti hii kwa jicho la karibu. Chukua hewa ya nyuzi 20, uishinikize kwa uwiano wa 3.5. Kompresa inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 75 itaitoa hewa hiyo ikiwa na nyuzi karibu 188. Kompresa ile ile ikisukumwa hadi ukingoni, penye ufanisi wa asilimia 60, itaitoa ikiwa na nyuzi karibu 230. Geji ya presha inasoma namba moja katika hali zote mbili! Dereva haoni tofauti, ila intakula inaiona, na pistoni inaiona. Ndiyo maana wenye magari ya dragi huweka intakula ya maji yenye sanduku la barafu, kwa kuwa barafu hiyo inatakiwa idumu sekunde chache tu, na ndiyo maana wanaotumia methanoli, aina ya alkoholi, badala ya petroli wengi huthubutu kuiacha intakula kabisa, kwa sababu methanoli hufyonza joto jingi inapogeuka mvuke, tena huchomwa kwa wingi unaozidi mara mbili ule wa petroli.

Kuhusu presha lipo jambo jingine linalosahaulika, nalo ni mwinuko wa mahali unaposhindana. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alitaka kuthibitisha kwamba turbo inaweza kuirudishia injini ya ndege hewa inayoikosa ikiwa juu angani. Hakuirusha ndege. Aliipakia injini ya Liberty yenye silinda kumi na mbili kwenye lori, akaipandisha hadi juu ya mlima Pikes Peak, jimbo la Colorado nchini Marekani, zaidi ya mita 4,300 kutoka usawa wa bahari, akaiwasha huko huko. Bila turbo injini ilikuwa imepungukiwa sana, na turbo ilipofungwa ikarudi kwenye nguvu yake ya kule chini, usawa wa bahari. Wazo lenyewe la kuitumia moshi wa injini kuendesha kompresa lilikuwa na hati miliki ya Mswisi Alfred Büchi tangu 1905, lakini mlima ule ndio uliowaonyesha watu kwa macho.

Kwa nini nawasimulia habari za mlima huo? Kwa sababu zile bari 2.5 za geji yako si kitu kimoja kila mahali. Karibu na bahari ni uwiano wa 3.5. Penye mwinuko wa mita 2,000 hivi, ambapo presha ya anga ni kama bari 0.8, bari 2.5 za geji zinamaanisha 3.3 ikigawanywa kwa 0.8, yaani zaidi ya 4.1. Geji haijabadilika hata kidogo, lakini feni yako imepanda hadi sehemu nyingine kabisa ya ramani, inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Gari lililochaguliwa turbo yake pwani likipandishwa mlimani bila kurudia hesabu, mwenye gari atakuja kulaumu mafuta, plagi na fundi wa kompyuta, kwa mpangilio huo.

Nimekwisha kuzungumza upande wa baridi. Geukeni sasa upande wa moto, yaani turbini, ile feni inayozungushwa na moshi, ambao kwa kweli ndio unaowashinda wengi, mimi nikiwa mmojawapo.

Baada ya aibu ile ya kwanza tulikaa chini na mzee mmoja mjenzi wa injini, mtu wa maneno machache. Nilimweleza kila kitu kuhusu kompresa: milimita, presha, joto. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Presha ya moshi kabla ya turbini ni ngapi?" Nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kuipima. Mzee akasema, "Basi, mwanangu, umeninunulia pua kubwa bila kuniambia mdomo uko wapi," akachukua kofia yake akaenda kunywa maji.

Tukarudi kwenye ile turbo ya milimita 76, tukaifunga tena kwenye gari, tukachomelea kijibomba kwenye manifoldi ya moshi, tukakipeleka kwenye sensa. Presha ya kuingiza hewa ilikuwa bari 2.5. Presha ya moshi kabla ya turbini ilikuwa bari 5. Mara mbili! Fikirini maana yake. Pistoni inapopanda kuusukuma moshi nje inapigana na bari 5, na zile nyakati fupi ambapo valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi, moshi wenye presha kubwa unarudi ndani ya silinda kuchukua nafasi ya hewa tuliyohangaika kuipoza. Kwa muda wote ule tulikuwa tukiilaumu kompresa, kumbe injini ilikuwa imezibwa pumzi ya kutolea.

Nyumba ya turbini hupimwa kwa uwiano unaoandikwa A/R, yaani eneo la njia ya moshi likigawanywa kwa umbali kutoka katikati ya eneo hilo hadi katikati ya shafti, ule mhimili unaoziunganisha feni mbili za turbo. Uwiano mdogo huurusha moshi kwa kasi kwenye feni, turbo inaamka mapema, lakini huko juu injini inabanwa. Uwiano mkubwa huiachia injini ipumue huko juu, na humlipisha dereva mwanzoni. Kwa gari la dragi lenye turbo iliyopangwa vizuri, mimi nafurahi nikiona presha ya moshi iko karibu na ile ya kuingiza, na naanza kukunja uso ikipita mara moja na nusu. Kama injini ni ya silinda sita na nyumba ya turbini ina njia mbili, basi manifoldi iziweke silinda tatu za mbele upande wake na tatu za nyuma upande wake, ili mapigo ya moshi yasigongane, na turbo itaamka mapema bila kuhitaji nyumba ndogo. Ila ukizigawa njia na kisha ukaziunganisha mahali pa kufungia weistigeti, ile valvu inayoupitisha moshi wa ziada pembeni ya turbini ili presha isizidi, umejenga ukuta na kutoboa mlango katikati yake.

Na weistigeti yenyewe naomba isiwe kitu cha mwisho kukumbukwa. Gari la dragi huondoka kwa presha ndogo ili matairi yashike, kisha presha hupandishwa kwa ngazi kadiri gari linavyokwenda. Weistigeti ndogo, au iliyochomelewa mahali ambapo moshi unalazimika kupinda kurudi nyuma ili kuifikia, haitaweza kuizuia presha isipande yenyewe, na hapo ile kompyuta ya gharama itakuwa inatazama tu.

Sasa ile sehemu ya tatu ya swali: katika mizunguko ipi? Hapa tunarudi kwenye mita 18 zetu.

Feni ya milimita 88 inaonekana kuizidi ya 76 kwa milimita 12 tu, upana wa kidole. Kwa eneo la mdomo, inaizidi kwa asilimia 34, na hilo ndilo tunalolishangilia. Lakini ule ukaidi wa kitu kinachozunguka, ambao walimu wa fizikia huuita inesha, hukua kwa kipeo cha tano cha kipenyo ikiwa umbo na madini ni yale yale. Fanya hesabu: feni ya 88 ni kaidi mara mbili kuliko ya 76. Eneo theluthi moja zaidi, ukaidi mara mbili. Hapo ndipo farasi wetu walipochelewa.

Mtu ataniuliza, je, turbo mbili ndogo? Ni swali zuri, na hesabu yake inapendeza: feni mbili za milimita 62 zina eneo la midomo karibu sawa kabisa na feni moja ya 88, na ukaidi wake kwa pamoja ni kama theluthi moja tu. Kwa injini ya V, ambapo kila upande una moshi wake, mimi huona ni jambo la kawaida kabisa. Kwa injini ya mstari mmoja utalipa kwa mabomba, uzito, joto na njia mbili za oili, na feni ndogo kwa kawaida hazina ufanisi wa feni kubwa. Sijawahi kujuta kuacha turbo moja kwenye silinda sita, ila simkatazi mtu.

Turbo haiamshwi na moshi peke yake. Inaamshwa na mzigo, na katika gari la giaboksi ya otomatiki mzigo wa kwanza ni toki konveta, kile kiungo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Konveta inayoibana injini kwenye mizunguko 4,000 wakati turbo inataka 5,500 ili ipate moshi wa kutosha, itamfanya dereva asimame pale kwenye mstari akisubiri kitu ambacho hakiji. Iliyolegea kupita kiasi itaiamsha turbo vizuri kisha ipoteze nguvu kwa kuteleza na kuchemsha oili ya giaboksi hadi mwisho wa njia. Kwa hiyo konveta na turbo huchaguliwa siku moja, kwenye meza moja. Yako mambo mengine ya kusaidia, kama kuchelewesha cheche gari likiwa limeshikwa na transibreki, breki ya ndani ya giaboksi inayolizuia gari kwenye mstari, ili mwako umalizikie kwenye manifoldi na kuisukuma turbini, au kunyunyiza kidogo naitrasi, gesi inayoipa injini oksijeni ya ziada, hadi presha ifike. Yanafanya kazi. Yanakula pia valvu na manifoldi, na mimi hupenda yawe chumvi, yasiwe ugali.

Mizunguko yenu ya kweli ni ipi? Gari linapobadilisha gia linashuka kutoka 8,500 hadi labda 6,500, kisha linapanda tena. Hiyo elfu mbili ndiyo nyumba yenu. Wekeni nukta za mizunguko hiyo kwenye ramani ya kompresa, mwanzo na mwisho, kisha mtazame kama zote mbili zinaangukia ndani ya visiwa. Turbo inayopendeza kwenye 9,000 ambako injini yenu haifiki haina msaada wowote.

Nitapita haraka kwenye mengine. Namba kwenye jina la turbo isikudanganye, kwa sababu mtengenezaji mmoja hutaja kipenyo cha mdomo feni inapoingizia hewa na mwingine hutaja kipenyo cha upande wa kutokea, na turbo mbili zenye mdomo mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa turbini. Kama unashindana katika daraja linaloweka kikomo cha milimita, soma kanuni inasema mdomo unapimwa wapi kabla hujatoa fedha. Beringi za gololi huamka haraka na kustahimili msukumo, lakini zinataka oili kidogo iliyochujwa vizuri, wakati zile za bushi zinataka oili nyingi zaidi.

Kuhusu oili ngoja nisimame kidogo. Kijana mmoja aliniletea gari linalotoa moshi wa bluu, akisema amekwisha kubadilisha turbo mara mbili na zote "zimevuja sili". Nilipoingia chini ya gari nikaukuta mpira wa kurudishia oili umening'inia chini ya mdomo wa kata ya oili, lile beseni la chini ya injini, kisha ukapanda tena kama shingo ya bata, kwa sababu tu ulikuwa mrefu na hakutaka kuukata. Oili inayotoka kwenye turbo imechanganyika na povu na hairudi kwa kusukumwa, inaanguka kwa uzito wake. Na sili za ndani si za mpira, ni pete za chuma kama za pistoni, haziwezi kuizuia oili iliyojaa. Nilikata sentimita ishirini za mpira, nikauelekeza moja kwa moja chini, moshi ukakoma. Turbo zote mbili alizotupa zilikuwa nzima.

Na kasi ya shafti, ndugu zangu. Feni yenye kipenyo cha nje cha milimita 130 ikizunguka mara 80,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 544 kwa sekunde. Sauti hewani huenda kama mita 343. Kipande cha feni kikikatika kwa kasi hiyo hakichagui njia, na nyumba ya alumini peke yake siyo ukuta wa kuutegemea. Fungeni sensa ya kasi ya shafti, fungeni kinga ya kuzuia vipande kati ya turbo na miguu ya dereva, na mtu yeyote asisimame kando ya turbo gari likiwa limebanwa na transibreki. Hili nalisema mara mbili: mtu yeyote asisimame kando ya turbo.

Mtataka kujua lile gari letu liliishia wapi. Baada ya kuipima presha ya moshi tuliiacha ile kompresa ya milimita 76, tukabadilisha turbini kwa yenye feni kubwa kidogo na nyumba yenye A/R ya juu zaidi, tukaihamisha weistigeti mahali ambapo moshi unaifikia kwa mstari ulionyooka, na tukaifungua konveta ili iruhusu mizunguko 700 zaidi. Presha ya kuingiza hewa ilibaki bari 2.5. Ya moshi ikashuka kutoka 5 hadi 3.4. Karatasi ya muda ya mbio ya kwanza ilisema 1.40 kwa mita 18, na 8.62 chini kabisa.

Ile turbo ya 88 bado iko kwenye rafu ya gereji, mdomo wake umezibwa kwa kitambaa kisichoachia nyuzi, ikisubiri injini ya lita 5 au zaidi. Mwenye nayo aje tuzungumze, ila aje na hesabu yake ya hewa.